Daktari wa Jicho Moja na Pauni 25

Kamati ya jarida imenitaka niandike habari za mtu aliyeendeleza elimu ya utabibu katika Afrika Mashariki. Najua wengi walitazamia nimchague mmoja wa wazee wetu wa shule. Nimemchagua mgeni, hayati Denis Burkitt, maana habari zake zinawagusa hasa wale wahitimu wenzetu walioko mahospitalini, wizarani na katika ofisi za fedha, na zinawafaa pia vijana wa vidato vya juu ambao hudhani utafiti hauwezi kuanza mpaka pawepo jengo jipya na mashine kutoka ng'ambo.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali ya wilaya. Wakati wa mapumziko mzee huyo alikuwa akiwavisha ndege wa bustanini kwake pete za madini miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anatawala sehemu gani. Msomaji aikumbuke ramani hiyo. Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, kijana mmoja alirusha jiwe, likavunja miwani yake, na jicho la kulia likapotea. Chuo cha Trinity, Dublin, alikwenda kusomea uhandisi. Humo akaokoka, akawa mlokole kama tusemavyo huku kwetu, akageukia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya serikali Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Baada ya utumishi wa jeshi wakati wa vita, ambao ulimleta hata Kenya, alikubaliwa Uganda mwaka 1946 na kupelekwa Lira.

Huko Lira, katika kuwapasua wanaume wenye mabusha, aling'amua kwamba wengi walitoka upande mmoja wa wilaya ya Lango na wachache upande wa pili. Daktari mwingine angemaliza kushona na kumwita mgonjwa anayefuata. Yeye alichora ramani.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, iliyokuwa hospitali ya kufundishia ya Chuo cha Makerere. Mwaka 1957 mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, aliona kwa dirishani mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Alipompima alikuta uvimbe na tumboni pia. Hapo ndipo alipoanza kufukua majalada ya Mulago.

Napenda kukaa kidogo hapa kwenye majalada. Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Katika Hospitali ya misheni ya Mengo, Sir Albert Cook alikuwa ameandika habari za wagonjwa wake tangu mwaka 1897, na watoto wenye uvimbe wa taya wamo. Mulago nako wataalamu wa patholojia, Jack Davies na wenzake, walikuwa wakitunza orodha ya saratani zote zilizopita mikononi mwao. Kwa hiyo Burkitt alipouliza, palikuwa na mahali pa kutafuta jibu. Alitoa makala yake ya kwanza mwaka 1958, na baadaye wanapatholojia wakabainisha kwamba ni saratani ya tezi za limfu. Watoto hao walikuwa wakifa baada ya miezi michache tu, na kisu cha mpasuaji hakikuwafaa kitu.

Swali lililofuata lilikuwa ugonjwa huu unapatikana wapi. Fungu la kwanza la fedha alilopewa kwa utafiti huo lilikuwa pauni 25. Kwa fedha hizo alipiga chapa karatasi zenye picha za wagonjwa na maswali machache, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Kila jibu lilipofika alichomeka pini kwenye ramani ukutani. Nasisitiza kwamba majibu yalifika. Madaktari wa vijijini wenye wodi zilizofurika walikaa chini, wakafungua daftari zao na kujibu. Karatasi kama hiyo ingefika leo katika baadhi ya ofisi zetu ingelala kwenye trei mpaka itoboke.

Tarehe 7 Oktoba 1961 alianza safari ya gari pamoja na Ted Williams, daktari wa misheni ya Kuluva huko West Nile, na Cliff Nelson, daktari mwingine aliyekuwa Uganda. Gari lilikuwa Ford la mwaka 1954, lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki kumi walikwenda maili 10,000, kusini hadi Afrika Kusini, wakasimama kwenye hospitali zaidi ya 50. Waliona kwamba ugonjwa hauonekani kwenye nyanda za juu zenye baridi, wala mahali pasipo mvua ya kutosha, na kwamba kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka wa mwinuko ulivyoshuka. Ramani hiyo ilifanana na ramani za magonjwa yaletwayo na mbu. Leo inajulikana kwamba malaria kali ya mara kwa mara ni mmoja wa washirika wa ugonjwa huu.

Mshirika wa pili alipatikana London. Mnamo Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakakubaliana, na vipande vya uvimbe vikawa vikipelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili hapakupatikana kitu. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikaelekezwa Manchester, na kipande kikachelewa kufika. Maji yake yalikuwa yamechafuka, mtu angedhani yameoza; kumbe ni chembe hai za uvimbe zinazoelea. Chembe hizo zilikubali kuoteshwa, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona ndani yake, kwa hadubini ya elektroni, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Virusi vikapewa majina ya Epstein na Barr, ugonjwa ukapewa la Burkitt. Jina la mtoto aliyetoa kipande kile halikuwekwa popote, nami naona hilo ni deni.

Wakati huo huo dawa mpya kutoka Marekani zilianza kujaribiwa Kampala na Nairobi. Baadhi ya watoto waliopewa dozi chache tu walipona kabisa, jambo ambalo wataalamu wa saratani wa wakati ule hawakulizoea. Mwaka 1967 ikafunguliwa Mulago taasisi ya saratani ya Uganda, kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Profesa Sebastian Kyalwazi, mpasuaji wa Uganda, alikuwa mmoja wa walioisimamisha.

Burkitt mwenyewe alirudi Uingereza mwaka 1966, akapata umaarufu mwingine kwa kuwahubiria Wazungu wale vyakula visivyokobolewa. Kwa maoni yangu ushahidi wake wa huko ulikuwa mlegevu kuliko ule wa ramani, ingawa ushauri wenyewe umedumu. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Nchi tajiri sasa zinaponya zaidi ya watoto tisa katika kumi wenye ugonjwa huu. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao, kwa kuwa wengi hufika wamechelewa, au dawa huisha, au mzazi hukosa nauli ya kumrudisha mtoto kwa dozi ya pili.

Ted Williams alibaki Kuluva akiandika kila mgonjwa, na kijiji alikotoka. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa kimataifa walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile kabla hawajaugua, ili kuvihakikisha virusi vile. Daftari za Kuluva zilikuwa tayari zinawangoja.