Ibn Battuta na Miguu Iliyovimba

Wenzangu, ukilitaja jina la Ibn Battuta hapa chuoni wengi wanakumbuka lile jengo la maduka kule Dubai, tunakopitia tukienda likizo. Kumbe ni mtu, tena mtu aliyefika kwetu.

Alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304. Mwezi wa Juni 1325, kijana wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaenda kuhiji, peke yake. Mtu unadhani alizaliwa na hamu ya kutembea, lakini mwanzo wake ulikuwa machozi. Njiani alishikwa na homa, ikabidi ajifunge kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka. Walipofika Tunis watu walitoka kuwapokea wageni wao, huyu anasalimiwa, yule anakumbatiwa, na yeye hakuna aliyemjua. Akalia. Hujaji mmoja akamwona, akamliwaza, akaongozana naye mpaka mjini. Aliyewahi kusimama uwanja wa ndege wa ugenini na sanduku lake hahitaji maelezo zaidi.

Hamu yenyewe ilipandwa Alexandria mwaka uliofuata. Shehe mmoja alimwambia kwamba anamwona ni mpenda safari, akampa salamu za kuwafikishia ndugu zake wa India, Sindi na China. Mpaka siku ile hakuwa amewaza kufika huko. Baadaye akajiwekea sharti: kadiri awezavyo, asipite njia moja mara mbili.

Mnamo 1331 hivi akapita pwani yetu: Mogadishu, Mombasa usiku mmoja tu, kisha Kilwa, ambako Sultani Hasan bin Suleiman alisifika kwa ukarimu. Kutoka Kilwa akapanda chombo mpaka Dhofar, akaendelea na pwani ya Oman hadi Sur.

Hapo Sur ndipo ninapompenda zaidi. Chombo kilitia nanga karibu na adhuhuri, na kwa mbali akauona mji wa Qalhat, akadhani ni pale tu. Ni kama kilometa 20! Amechoshwa na watu wa chombo, akaamua aende kwa miguu pamoja na rafiki yake Mhindi, Khidhri, na baharia mmoja wa kuwaonyesha njia. Baharia akawa na tamaa ya nguo alizobebeshwa. Akawapeleka kwenye hori lenye maji mengi, eti wavuke. Wakatambua kwamba anataka wazame. Ibn Battuta akashika mkuki wake na hakuuachia tena. Kiu ikawabana, mpaka wapanda farasi wakawapa maji. Usiku akakesha akilinda. Kesho yake aliingia Qalhat miguu imevimba ndani ya viatu, damu karibu kutoka chini ya kucha. Liwali akamkaribisha siku sita, maana hakuweza kusimama.

Haya alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy kule Fez, kitabu kikamalizika 1355. Wataalamu wanashuku baadhi ya habari zake, hasa za China. Mimi hii ya Sur naiamini; anayetaka kujisifu hawezi kujitungia aibu kama hiyo.

Mwingine angerudi chomboni. Yeye, miguu ilipopona, akavuka jangwa siku sita hadi Nizwa, bara kabisa, ambako baadhi ya wenzetu hapa wana babu zao. Akakuta bustani na mito, na watu wanakula pamoja katika nyua za misikiti, kila mmoja kaleta alicho nacho, na mpita njia anakula nao. Kijana aliyelia Tunis kwa kukosa wa kumsalimia!

Halafu India, Maldivi, Uchina. Mwaka 1348, yuko Damascus, ndipo alipopata habari za nyumbani: baba alikwisha kufa miaka 15 nyuma, mama yu hai. Akashika njia ya kurudi, mwaka ule tauni ikiua watu kila mji. Alipofika Taza, karibu kabisa na kwao, akaambiwa mama naye amekufa kwa tauni.

Alilizuru kaburi lake Tangier. Kisha akaenda Sabta, akavuka bahari kwenda Andalusia.