Gideon Were: Msomi aliyeokoa simulizi za wazee wa magharibi

MNAMO 1963, mwaka ambao Kenya ilijinyakulia uhuru, Profesa Hugh Trevor-Roper wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, alidai kwamba Afrika haikuwa na historia ila ile ya Wazungu waliofika huko. Miaka hiyo ya sitini, Gideon Saulo Were aliamua kuwatafuta wazee wa magharibi mwa Kenya na kuyaandika waliyoyakumbuka.

Kazi hiyo haikuweza kungoja. Historia ya jamii hizo ilihifadhiwa vichwani mwa wakongwe, na kila mzee alipozikwa, sehemu yake ilizikwa naye. Maandishi yaliyokuwapo yalikuwa ya wakoloni. Vita vya 1895, ambapo Wabukusu walipigania ngome yao ya Chetambe karibu na Webuye, Bungoma, viliingia katika kumbukumbu za Waingereza kama safari ya kuadhibu wakaidi. Nako Kitale, habari zilizovuma ni za walowezi na reli iliyofika 1926, si za Wasabaot waliolisha mifugo yao katika nyanda hizo kabla ya wageni.

Simulizi za wazee zina kalenda yake. Mbukusu humtambulisha mtu kwa rika alilotahiriwa nalo, liwe Maina, Nyange au Kolongolo. Ajuaye mpangilio wa marika na nasaba za koo aweza kukadiria miaka. Hata hivyo, kila mzee huvutia upande wa ukoo wake, ndiposa ushahidi wa mmoja hauna budi kupimwa kwa wa mwingine.

Mnamo 1967 Were alichapisha vitabu viwili. Cha kwanza kilieleza historia ya Abaluyia tangu karibu 1500 hadi 1930. Cha pili kilikusanya ushahidi wenyewe, wa Abaluyia, Wateso na Wakalenjin wa Elgon, hivi kwamba msomi yeyote aliyetilia shaka hitimisho lake angeweza kuupima upya.

Mwaka uliofuata, yeye na Derek Wilson walitoa kitabu cha historia ya Afrika Mashariki ya miaka 1,000, kilichosomwa na wanafunzi wengi wa sekondari.

Were, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alifariki miaka ya 1990. Wazee aliowahoji nao wameshaondoka. Lakini anayetafuta asili ya ukoo wake, awe Bungoma au Kitale, angali ana pa kuanzia.