Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Maisha ya Daktari Karl Landsteiner

Kama umepita kidato cha pili basi jina la Karl Landsteiner umeliandika angalau mara moja katika daftari la Biolojia, ukafunga daftari ukaenda zako nyumbani. Ni yule bwana wa makundi ya damu: A, B, AB na O. Wengi wetu huishia hapo kwa sababu maswali ya mtihani nayo huishia hapo. Mimi nimeona nisiishie hapo. Mwaka wa 1904 mzee huyu, akiwa na daktari mwenzake, alifanya jambo jingine ambalo kwa maoni yangu halipungui lile la kwanza hata kidogo, na kitabu chetu cha darasani hakilitaji. Wahenga walilonga kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Landsteiner alionyesha, kwa neli za kioo na barafu, kwamba wakati mwingine kikulacho kimepita nguo na ngozi, kimeingia ndani ya damu yako mwenyewe.

Alizaliwa nchini Austria tarehe 14 Juni mwaka wa 1868. Baba yake, Leopold, alikuwa mwanahabari na mhariri wa gazeti mjini Vienna. Karl alikuwa na miaka sita tu baba alipoiaga dunia, akabaki mikononi mwa mama yake, Fanny. Mama na mwana wakawa kama ulimi na mate. Fanny alipofariki mwaka wa 1908, Karl alihifadhi mfano wa uso wake uliofinyangwa alipokwisha kufa, akautundika ukutani chumbani mwake, na huko ulikaa hadi siku zake za mwisho. Wengine wataona jambo hilo linaogofya. Mimi naona ni mapenzi. Yeye mwenyewe alioa akiwa na miaka 48.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna, akamaliza mwaka wa 1891. Ungedhani kijana kama huyo angefungua zahanati aanze kuhesabu pesa. La hasha! Alifunga virago akaenda kusoma kemia katika miji ya Würzburg, Munich na Zürich. Madaktari wengi wa siku hizo walikuwa hodari wa kumtazama mgonjwa; yeye alitaka kujua ni kitu gani hasa kinashikana na kitu gani ndani ya mwili. Halafu kuanzia mwaka wa 1898 akafanya kazi mahali ambapo wengi wetu hatungekubali hata kwa mshahara wa waziri, yaani kupasua maiti ili kujua kilichowaua. Kwa miaka kumi alipasua maiti 3,639. Nimepiga hesabu: ni kama maiti moja kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Alikuwa mtu mkimya, mrefu, asiyependa makuu, na piano alikuwa anaijua barabara.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo alipogundua makundi ya damu. Kuongezewa damu wakati ule kulikuwa ni kubahatisha tu. Huyu anapona, yule anakufa papo hapo kitandani, na hakuna ajuaye kwa nini. Landsteiner alichukua damu yake na ya wenzake, akatenganisha seli nyekundu na seramu, yale maji ya manjano manjano yanayobaki damu ikishaganda. Kisha akaanza kuchanganya: seramu ya huyu na seli za yule, ya yule na za huyu. Pengine seli zilitulia, pengine zikashikana kama uji wenye madonge. Mwaka wa 1901 akachapisha makundi matatu: A, B na C, ambalo baadaye likaitwa O. Lile la AB lilitambuliwa na Decastello na Sturli mwaka uliofuata.

Sasa tazama matokeo hayo vizuri, maana hapa ndipo kisa chetu kinaanzia. Katika majaribio yale, seramu ya mtu ilizishika seli za wengine, lakini seli za mwenyewe haikuzigusa asilani. Ni kama mbwa mzuri wa boma: mgeni anambwekea, mwenye nyumba anamtikisia mkia.

Jambo hilo lilikubaliana kabisa na mafundisho ya mkubwa wa sayansi hiyo, Paul Ehrlich wa Frankfurt, Ujerumani. Ehrlich na mwenzake Morgenroth walikuwa wamewadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Mbuzi wakatengeneza kingamwili, yaani zile silaha ambazo mwili huunda dhidi ya vitu vigeni, na kingamwili hizo zikapasua seli za mbuzi wengine. Za mbuzi mwenyewe zikasalimika. Ehrlich akalipa jambo hilo jina la Kilatini, horror autotoxicus, kwa maana ya kwamba mwili unaogopa mno kujitia sumu. Kwa haki yake, Ehrlich hakusema kwamba kingamwili za kujishambulia haziwezi kuumbwa kabisa. Alisema mwili lazima una njia ya kuzizuia zisilete madhara. Lakini mnajua mambo ya wafuasi. Mkubwa akisema pole pole, wao wanapaza sauti. Neno lile likawa kama sheria: mwili haujishambulii, basi.

Kulikuwako huko Ulaya ugonjwa mmoja wa ajabu. Mtu mzima anatoka nje siku ya baridi kali, anarudi ndani kuota moto, mara anashikwa na kitetemeshi, homa na maumivu ya mgongo, na akienda haja ndogo mkojo unatoka mwekundu au mweusi kama kahawa. Baada ya muda anapata nafuu, mpaka baridi nyingine. (Sisi wa shule ya kutwa tunaotembea alfajiri ya mwezi wa Julai tunajua baridi ni nini, lakini hiyo ilikuwa nyingine!) Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na kaswende. Madaktari walijua kwamba ule wekundu ni himoglobini, rangi ya seli nyekundu zilizopasuka. Ehrlich mwenyewe aliwahi kumfunga mgonjwa kidole kwa mpira, akakitia katika maji baridi, na seramu ya kidole hicho ikawa nyekundu. Kwa hivyo alikuwa na ugonjwa wenyewe mbele ya macho yake. Lakini ni nani alikuwa anazipasua seli?

Landsteiner na Julius Donath, daktari mwenzake wa Vienna, walilichukua swali hilo wakalitia ndani ya neli. Walichanganya seramu ya mgonjwa na seli nyekundu, wakaweka kwenye barafu, kisha wakapasha joto hadi kiasi cha joto la mwili, nyuzi 37. Seli zikapasuka, maji yakawa mekundu. Mchanganyiko uliokaa kwenye joto tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuonja barafu, haukupasuka. Uliokaa kwenye barafu tu nao haukupasuka. Kumbe kuna hatua mbili! Kwenye baridi, kingamwili ya mgonjwa inanata juu ya seli. Joto likirudi, kemikali nyingine za seramu, ambazo siku hizi huitwa komplementi, zinaiona ile alama na kuitoboa seli. Ndiyo sababu mgonjwa anaumia baada ya kurudi kwenye moto: damu imepoa ikipita mikononi na miguuni, imerudi kifuani kwenye joto ikiwa tayari imewekewa alama.

Wakaendelea kuuliza. Je, labda ni seli za mgonjwa zilizo dhaifu? Wakachukua seli za mtu mzima wa afya wakazitia katika seramu ya mgonjwa, nazo zikapasuka vilevile. Kosa basi halikuwa la seli. Lilikuwa la seramu, na seramu ile ilikuwa inapasua seli za mwenyewe, palepale ambapo Ehrlich aliona mbuzi wake wanasalimika.

Mimi jambo hili limenishika sana, nitasema kwa nini. Landsteiner alikuwa ndiye hasa mtu wa kukataa matokeo hayo. Miaka mitatu tu nyuma alikuwa ameonyesha seramu zinazoheshimu seli za mwenyewe. Ehrlich naye alikuwa jabali, na mwaka wa 1908 akapewa Tuzo ya Nobel. Ingekuwa rahisi kusema neli ilikuwa chafu. Lakini aliichapisha habari hiyo mwaka wa 1904 kama alivyoiona, na kwa kufanya hivyo akawapa madaktari kitu ambacho hakikuwapo: ugonjwa wa mwili kujishambulia unaoweza kutambuliwa kwa kuitafuta kingamwili haini ndani ya damu. Neno haini ni langu. Wataalamu wanaziita otoantibodi.

Na dunia ikafanya nini? Ikasema haya ni ya ugonjwa mmoja adimu, ikaendelea na shughuli zake kwa zaidi ya miaka arobaini. Mpaka mwaka wa 1945 ndipo Coombs na wenzake kule Uingereza walipotoa kipimo cha kuona kingamwili zilizonata juu ya seli nyekundu. Mwaka wa 1956 Roitt na Doniach, mjini London, wakazikuta kingamwili zinazoshambulia tezi ya shingo katika damu ya wagonjwa wenyewe. Mwaka wa 1957 ilikuwa zamu ya kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli, ambazo ndizo hutafutwa hadi leo mtu akishukiwa kuwa na lupasi.

Lupasi naijua si kwa vitabu. Shangazi yangu aliumwa viungo kwa muda wa miaka miwili, nywele zikipukutika na uso ukiwa na wekundu puani na mashavuni kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Katika zahanati aliyokuwa akienda alitibiwa malaria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nyumbani nako maneno yakawa mengi, wengine wakisema ati kuna jirani amemtupia kitu. Hatimaye daktari mmoja alimwuliza maswali kwa muda mrefu, akapima mkojo, akatuma damu Nairobi. Kingamwili za kushambulia kiini cha seli zilikuwapo, tena nyingi, pamoja na zile za kushambulia DNA, ambazo ni nadra kwa asiye na lupasi.

Nilimwuliza daktari huyo siku nilipomsindikiza shangazi kliniki: kwa nini basi kila mtu asipimwe tu mapema? Alicheka kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo sikulitarajia. Ukiizimua seramu mara 80 ukaipima, katika kila watu 100 wenye afya zao, takriban 13 watakutwa na kingamwili hizo za kiini, na wengi wao hawataugua kamwe. Mwili wa kila mmoja wetu una vihaini vyake vidogo vidogo vilivyolala. Kwa hiyo karatasi ya maabara peke yake haimwambii daktari kwamba huyu ni mgonjwa. Ni lazima aiweke kando ya uso, viungo, mkojo na figo. Hapo nikakumbuka neli za Vienna: kingamwili ilikuwapo ndani ya seramu wakati wote, lakini bila baridi kisha joto haikupasua kitu.

Turudi kwa mzee wetu. Vita vya Kwanza vya Dunia viliiacha Vienna na njaa na umaskini. Yeye, mkewe Helene na mtoto wao mchanga wakahamia Uholanzi, akafanya kazi katika hospitali ndogo mjini The Hague. Fikiria! Mtu ambaye, zaidi ya makundi ya damu, alikuwa ameonyesha na Erwin Popper kwamba polio inaambukizwa na kitu kidogo kuliko bakteria, sasa anapima mikojo ya kila siku kama karani. Miaka ya 1920 ilipoanza Taasisi ya Rockefeller ya New York ikamwita, na huko Marekani ndiko alikomalizia umri wake. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka wa 1930, karibu miaka thelathini baada ya kazi iliyompatia. Mwaka wa 1940, akiwa mzee wa miaka 72, yeye na Alexander Wiener wakatangaza Rh, ile alama ya kujumlisha au kutoa iliyo mbele ya kundi lako la damu. Mnamo Juni 1943 mshtuko wa moyo ulimpata ndani ya maabara, pipeti ikiwa mkononi. Alifariki siku mbili baadaye, tarehe 26.

Lakini ngoja. Mwaka wa 1927 Landsteiner na kijana wake Philip Levine walikuwa wamegundua alama nyingine juu ya seli nyekundu, wakaiita P. Haikuwa na kelele kama A na B, ndiyo maana hatufundishwi. Mwaka wa 1963, mzee akiwa kaburini kwa miaka ishirini, Levine aliichukua ile kingamwili ya baridi ya mwaka wa 1904 akatafuta inashika nini hasa juu ya seli. Akakuta inashika alama za jamii hiyo hiyo ya P.

Kipimo chenyewe bado kinafanywa hospitalini, na kinaitwa kwa majina yao, Donath na Landsteiner: neli, barafu, kisha nyuzi 37. Kaswende imepungua kwa dawa, hivyo wagonjwa wa siku hizi wengi wao ni watoto waliotoka kuugua mafua au virusi vingine. Hufunikwa blanketi, huongezewa damu ikibidi, na kwa kawaida baada ya wiki chache kingamwili hiyo hutoweka yenyewe.