Jim Corbett: Mwindaji aliyezikwa Nyeri, na adui ambaye hakumwona

KATIKA makaburi ya St Peter mjini Nyeri, alikozikwa pia Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti, amelala Jim Corbett, mwindaji aliyesifika duniani kote.

Alizaliwa Nainital, India, Julai 25, 1875. Tangu utotoni alijifunza kusoma nyayo na kutega sikio kwa sauti za msituni. Mwaka 1907 alimuua simbamarara jike wa Champawat, aliyesemekana kuua watu 436. Baadaye alipendelea kamera kuliko bunduki, akawa mtetezi wa wanyamapori.

Mwaka 1947, India ilipopata uhuru, Corbett na dada yake Maggie walihamia Kenya. Waliishi Nyeri katika nyumba ya Paxtu, uwanjani mwa hoteli ya Outspan, ambamo Baden-Powell alifia mwaka 1941. Februari 1952, Corbett alikuwa Treetops, msituni Aberdare, usiku ambao Elizabeth alirithi kiti cha ufalme wa Uingereza bila kujua kwamba baba yake amefariki.

Aprili 19, 1955, akiwa na umri wa miaka 79, mshtuko wa moyo ulimwua mjini Nyeri. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyemtambua mnyama kwa unyayo tu hakuwa na tabibu wa kumchungulia mishipa inayoulisha moyo wake.

Si kwamba matabibu walizembea, vifaa havikuwapo. Mjerumani Werner Forssmann alikuwa amejipenyeza mrija hadi moyoni mwaka 1929, lakini ni mwaka 1958 tu ambapo Mason Sones wa Cleveland, Marekani, alianza kupiga picha za mishipa hiyo kwa kuitia dawa ya rangi. Hata hivyo, picha hizo zilionyesha njia ya damu tu. Mafuta yaliyojificha ndani ya kuta hayakuonekana.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo mrija wenye ultrasaundi nchani ulipoanza kutumiwa. Hupitishwa katika mshipa wa mkono au paja hadi moyoni, ukatoa mawimbi ya sauti. Mwangwi wake huchora ukuta wa mshipa, na daktari hupima unene wa mafuta na upana wa njia kabla ya kuizibua.

Mwaka 1957, India iliipa mbuga yake ya kwanza ya taifa jina la Corbett. Yeye alishalala Nyeri miaka miwili, na ilikuwa bado miongo mitatu kabla ya matabibu kumwona adui aliyemwangusha.