Waiyaki wa Hinga na Ngome Iliyotoweka

Abiria atokaye Gikomba kuelekea Kikuyu aghalabu huipitia barabara ya Waiyaki. Makanga hulitaja jina hilo kutwa kucha. Walakini, mwulize mwanafunzi mwenye jina alikuwa nani, naye huenda akakujibu kwamba alikuwa chifu aliyezikwa hai, kichwa chini, miguu juu. Jibu hilo lina kasoro mbili, na lawama ni yetu sisi walimu.

Kasoro ya kwanza ni ya lugha. Waiyaki wa Hinga hakuwa chifu. Wakikuyu wa karne ya 19 hawakuwa na mtawala mmoja. Waliongozwa na mabaraza ya wazee. Mtu aliyejipatia heshima kwa hekima, ushujaa na ufasaha wa kunena aliitwa muthamaki, na Waiyaki alikuwa mmoja wao. Makao yake yalikuwa upande wa Dagoretti, mpakani mwa Wakikuyu na Wamaasai, mahali ambapo misafara kutoka pwani ilinunua chakula kabla ya kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Uganda.

Mnamo Oktoba 1890 alifika huko Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Wawili hao wakachanjiana udugu wa damu, na Lugard akajenga ngome ya kwanza. Lakini kila upande ulikuwa na tafsiri yake ya tendo hilo. Kwa Kampuni, ulikuwa mkataba wa kuithibitishia mamlaka juu ya nchi. Kwa Waiyaki, kilikuwa kiapo baina ya ndugu wawili, na ndugu hamwibii nduguye.

Lugard akaenda zake Uganda. Waliobaki wakaishiwa na chakula, uhasama ukazuka baina yao na wenyeji, na mwaka 1891 ngome ikahamwa, kisha ikateketezwa. Mwaka uo huo Meja Eric Smith akajenga nyingine, upande wa Kabete, ikaitwa Fort Smith.

Ni katika ngome hiyo ya pili ambamo Waiyaki alikamatwa, Agosti 1892, baada ya kugombana na msimamizi wake, Purkiss. Alichomoa upanga, akazidiwa nguvu, akajeruhiwa kichwani na kutiwa minyororo. Akaanzishwa safari ya kupelekwa pwani, asiifike. Alifia Kibwezi mwezi wa Septemba, akazikwa huko, mbali na kwao.

Hapa ndipo ilipo kasoro ya pili. Kumbukumbu zilizoandikwa wakati huo hazithibitishi kwamba alizikwa hai. Je, tuyatupe masimulizi ya wazee? La, hasha! Masimulizi hayo ni hukumu ya watu waliomwona kiongozi wao akichukuliwa asirudi. Mwalimu na ayafundishe, ila aeleze kwamba hayo ni masimulizi, na kwa nini yalizaliwa.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Fort Smith ilipoteza umuhimu wake. Fort Hall nayo, iliyopewa jina la Francis Hall aliyepata kuisimamia Fort Smith, leo ni Murang'a. Majina ya wenye ngome yamefifia. Jina la mfungwa limepewa barabara kuu, na hata mhusika mkuu wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1965.

Basi na tulitaje ipasavyo. Machifu, kwa maana tuijuayo leo, waliletwa na serikali ya kikoloni, hasa baada ya sheria ya wazee wa vijiji ya mwaka 1902, miaka kumi baada ya Waiyaki kufariki. Tukimwita chifu mbele ya wanafunzi wetu, tunampa cheo cha serikali ambayo hakuwahi kuitumikia, na tunawaficha watoto kwamba babu zao walijua kujitawala bila ya cheo hicho.