Maisha ya Habib Saleh wa Lamu, Aliyesuluhisha Watu kwa Darsa

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na twamsalia Mtume wetu Muhammad, yeye na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, enyi ndugu zetu wa pwani, mlioko pwani na mliotoka mkaja kukaa huku ziwani, Mkuyuni ya Mwanza na mitaa iliyo karibu nayo, kijitabu hiki kidogo kimeandikwa ili tupate kukumbushana khabari za mtu mmoja mwema aliyetutangulia. Wengi wetu twalijua jina lake, kwani hutajwa kila mwaka unapoingia mwezi wa Mfungo Sita. Lakini kulijua jina ni jambo moja, na kuijua kazi ya mwenye jina ni jambo jingine. Mtu huyo ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalil-Leil, ambaye watu wa Lamu na pwani yote wamemwita Habib Saleh, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Habib Saleh alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19. Ukoo wake ni wa masharifu wa Jamalil-Leil, ambao asili yao ni Hadhramaut, na matawi yao yalikuwako Pate na Ngazija tangu zamani. Akaja Lamu angali kijana, akafikia kwa jamaa zake, akakaa kusoma. Katika zama hizo Lamu ilikuwa mji wa ilimu, wenye misikiti mingi na mashekhe waliosifika, na mtu aliyetaka kusoma fikihi na nahau hakuwa na haja ya kuvuka bahari. Hapo ndipo alipozaliwa Sheikh Abdallah Bakathir, ambaye baadaye alihamia Unguja akawa mwalimu mkubwa huko hata alipofariki katika mwaka wa 1925. Na hapo alikuwako Sayyid Abubakar bin Abdurrahman, aliyejulikana kwa jina la Mwenye Mansab, ambaye ndiye aliyeifasiri Maulidi ya Barzanji kwa mashairi ya Kiswahili. Basi Habib Saleh alikua katika mji wenye taa za kutosha. Lakini taa hizo hazikuwamulikia watu wote.

Yafaa tueleze kidogo hali ya mji huo, maana asiyeujua ugonjwa hawezi kuisifu dawa. Lamu ilikuwa na pande mbili. Upande wa kaskazini, Mkomani, ulikuwa na majumba ya mawe na milango ya nakshi, na hapo walikaa wangwana wenye nasaba na mashamba. Upande wa kusini, Langoni, ulikuwa na nyumba za udongo na makuti, na hapo walikaa wageni, Wangazija, Waarabu maskini wa Hadhramaut, wavuvi, mafundi, na watumwa pamoja na waliokwisha achwa huru. Pande hizi zilishindana katika ngoma na katika mashairi, na mara nyingine mashindano yakageuka matusi, na matusi yakazaa chuki. Mtu wa nasaba hakutaka kumwoza binti yake mtu asiyekuwa na nasaba, na hilo watu waliliona kuwa ni desturi tu, wasilitie shaka.

Juu ya hayo, zama zenyewe zilikuwa zikipinduka. Katika mwaka wa 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Katika mwaka wa 1897 ikatolewa sheria ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba, na katika mwaka wa 1907 ukaondolewa katika pwani ya Kenya, nayo Lamu ikiwamo. Matajiri wa Lamu, ambao mali yao ilitoka katika mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, waliona utajiri wao unayeyuka mikononi mwao. Na waliokuwa watumwa, walipoachwa huru, walijikuta hawana shamba wala jamaa wala ilimu. Serikali ilimwambia mtu kuwa yu huru, lakini haikumfundisha kusoma Fatiha sawasawa, wala haikumketisha pamoja na bwana wake wa jana. Sheria yaweza kukata mnyororo, lakini moyo hauwezi kuufungua. Pande zote mbili zilibaki na uchungu, huyu kwa alichonyang'anywa na huyu kwa alichonyimwa tangu kuzaliwa, nao wote wakielekea kibla kimoja.

Habib Saleh aliiona hali hii, na yeye alikuwa sharifu, ambaye lau angetaka kukaa Mkomani akabusiwa mkono na kula karamu, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliwaendea watu wa Langoni. Akaanza kuwafundisha wale ambao wengine hawakuona haja ya kuwafundisha, watumwa na watoto wa watumwa, wavuvi na wachukuzi. Aliwafundisha Qurani na sala na yaliyo wajibu kwa Mwislamu, na aliyeonekana kuwa na akili ya kuendelea, akaendelezwa katika fikihi na lugha ya Kiarabu kama anavyoendelezwa mtoto wa sharifu. Hili la pili ndilo lililokuwa zito. Kumfundisha mnyonge sala, watu wengi watakubali; lakini kumfundisha ilimu ambayo kwayo huenda akawa imamu wako kesho, hilo si kila mtu alivumilia.

Basi maneno yakawa mengi. Wako wakubwa wa mji walioona kwamba anauvunja mpango wa mji na kuwapandisha watu mahali pasipo pao. Na wako wengine, nao ni wanazuoni wenye hoja, waliokuwa na shaka juu ya matari yaliyopigwa katika Maulidi yake, wakaona kuwa msikiti si mahali pa ngoma. Hizi ni khitilafu mbili, na inafaa tusizichanganye. Ya kwanza ni khitilafu ya cheo, na ya pili ni khitilafu ya fikihi, ambayo wanazuoni wa pwani wameendelea kuijadili mpaka leo, kila mtu na dalili yake. Lakini katika ugomvi khitilafu mbili huvaa kanzu moja, na mwenye chuki ya cheo hujificha nyuma ya mas-ala ya dini.

Na hapa ndipo ulipo mtihani wa maisha yake. Alikuwa na wafuasi wengi, watu wenye nguvu za mikono na uchungu wa miaka mingi. Kiongozi mwingine angeliweza kuwafanya jeshi, akalipiza kisasi cha Langoni juu ya Mkomani, na mji ukachafuka. Yeye hakufanya hivyo. Aliuacha ubishi, akapata mahali ukingoni mwa mji upande wa kusini, akajenga kibanda, akaketi na wanafunzi wake kusomesha. Aliyemtukana hakumrudishia, na aliyemjia hakumwuliza nasaba yake. Wala haikuwa kazi yake kuwafundisha wanyonge kuwachukia wakubwa. Aliwafundisha ilimu ile ile ambayo wakubwa waliithamini, na kwa hivyo akawajengea njia ya kukutana.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakajengwa msikiti, ukaitwa Riyadha, kwa kufuata jina la msikiti wa Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Sewun, Hadhramaut, ambaye Habib Saleh alimheshimu mno. Sayyid Ali huyu ndiye mtungaji wa Maulidi iitwayo Simtud-Durar, ambayo sisi twaiita Maulidi ya Habshi, na aliyeifanya ienee Lamu na pwani yote ni Habib Saleh pamoja na wanafunzi wake. Msikiti huo ukawa na chuo, wakaja wanafunzi kutoka pwani yote na visiwani na bara, wakakaa hapo na kusoma. Mtoto wa Mkomani akiketi karibu na mtoto wa Langoni, na mgeni karibu na mwenyeji, kitabu kimoja kikiwa mbele yao, huacha kuulizana baba yako ni nani, wakaulizana neno hili maana yake nini. Huo ndio mwanzo wa amani, kwani watu wawili hawapatani kwa kuambiwa wapatane, hupatana kwa kushika kazi moja.

Jambo la pili lililowaleta watu pamoja ni Maulidi yenyewe. Zamani ngoma za Lamu zilikuwa za mashindano, kila mtaa na ngoma yake, na kila ngoma na matusi yake kwa mtaa wa pili. Yeye alichukua zile sauti na matari ambayo watu waliyapenda, akayaelekeza katika kumsifu Mtume. Watu waliokuwa wakikutana kushindana wakawa wanakutana kusalia. Kila mwaka katika mwezi wa Mfungo Sita wageni wakawa wanafika Lamu kwa majahazi, na wenyeji wa pande zote wakawafungulia milango. Nyumba iliyojaa wageni haina nafasi ya ugomvi na jirani, maana itakwenda kwa nani kuazima sufuria?

La tatu ni utabibu. Habib Saleh alikuwa akijulikana kwa kutibu wagonjwa, na watu wakamjia kwa dua na kwa dawa za miti. Ugonjwa haujui mtaa. Aliyemsema jana alimjia leo na mtoto wake amewaka homa, naye akampokea. Kwa njia hii wengi waliokuwa mbali naye walikaribia, si kwa kushindwa katika hoja, bali kwa kuona wema ambao hawakuutazamia. Hata miaka ikapita, kile kibanda cha ukingoni kikawa ni mahali panapotembelewa na watu wa Lamu wa kila cheo, na wakubwa wakawapeleka watoto wao kusoma pale pale walipokuwa wakipabeza.

Hatusemi kwamba ubaguzi wote ulikwisha Lamu. Hilo lisingekuwa kweli, na kumsifu mtu mwema kwa uwongo si kumheshimu. Mambo ya nasaba yaliendelea, hasa katika ndoa, na hata heshima ya usharifu wenyewe ilizidi katika mji kwa sababu ya msikiti wake. Walakini mlango uliokuwa umefungwa ulifunguliwa, na baada yake haukuweza kufungwa tena. Hakuna aliyeweza kusema kuwa ilimu ni ya nyumba fulani tu, maana watoto wa waliokuwa watumwa walikwisha kusoma, na wengine wakasomesha.

Habib Saleh alifariki katika mwaka wa Hijra 1354, ulioanza katika mwaka wa 1935 na kwisha katika mwaka wa 1936. Kazi yake wakaishika wanawe, Sayyid Ahmad Badawi na Sayyid Idarus, kisha wajukuu wake na wanafunzi wa wanafunzi wake. Vitabu vya mkono vilivyohifadhiwa Riyadha vimepigwa picha katika karne hii ya 21 ili visipotee, na ziyara ya Lamu katika Mfungo Sita ingali ikiwaleta watu kutoka nchi nyingi. Hakuacha majumba wala mashamba yanayotajwa. Alichoacha ni darsa.

Sasa, ndugu zetu wa Mkuyuni, yatuhusu nini sisi tulio mbali na bahari? Yatuhusu sana. Mji wa Mwanza uliundwa na watu wa kuja. Wako waliokuja na misafara ya biashara ya zamani, na wako waliokuja baada ya reli kufika kutoka Tabora katika mwaka wa 1928, na wako waliovuka ziwa kwa mitumbwi na meli. Katika safu moja ya sala utamkuta Msukuma na Mmanyema, Mhaya na Mswahili wa pwani, mwenye duka na mvuvi wa sato. Na sisi wa pwani tuna ugonjwa wetu, tusiufiche: mara nyingine twadhani kuwa dini ilikuja na kanzu zetu, na aliyesilimu jana au ambaye Kiswahili chake kina lafudhi ya kwao twamwona ni wa nyuma. Kisha ukizuka ugomvi msikitini, juu ya uimamu, au juu ya Maulidi, au juu ya kuandama kwa mwezi, twaushika kama kwamba ni mas-ala ya dini, na mzizi wake ni cheo.

Basi tufanye alivyofanya mwenzetu. Penye ugomvi tuweke darsa, na darsani tumweke kila mtu, mkubwa na mdogo, mwenyeji na mgeni. Anayejua herufi mbili amfundishe asiyejua hata moja. Khitilafu ya fikihi tuipeleke kwa wenye ilimu, wala tusiitatue kwa kelele za barazani. Na khitilafu ya cheo tuiue kwa kuketi mkeka mmoja. Watoto wetu tusiwarithishe majina ya maadui zetu. Mkuyu ambao mtaa wetu umepewa jina lake hauchagui nani apumzike kivulini mwake, na chuo chetu kisiwe na roho nyembamba kuliko mti.

Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Saleh na mashekhe wetu wote, azipatanishe nyoyo zetu, na atujaalie ilimu yenye manufaa. Amin.