Hans Berger na Mawimbi ya Utulivu

Mzee wa Kiturkana aliyeketi kivulini juu ya kigoda chake, ekicholong, kando ya mto Turkwel mjini Lodwar au ukingoni mwa Tarach huko Kakuma, macho ameyafumba ila hajalala, yumo katika hali iliyomletea Mjerumani mmoja umaarufu.

Hans Berger alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 huko Neuses, karibu na Coburg. Huenda wanafasihi wakavutiwa kujua kwamba mama yake alikuwa binti wa mshairi Friedrich Rückert, mfasiri wa mashairi ya Kiarabu na Kiajemi. Mjukuu, hata hivyo, alipenda hisabati na nyota. Akiwa jeshini alianguka kutoka kwenye farasi, akanusurika chupuchupu kupondwa na gurudumu la mzinga. Jioni ile ile akapokea telegramu ya babake: dada yake, aliyekuwa mbali, alikuwa ameingiwa na hofu kwamba Hans yumo hatarini. Kijana akaamini kuwa fikra zake zilisafiri. Akaziacha nyota, akasomea udaktari, na tangu 1897 akafanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Jena, aliyokuja kuiongoza kuanzia 1919.

Nguvu ya fikra kusafiri hakuipata. Alichokipata, mwaka 1924, ni umeme dhaifu mno wa ubongo wa binadamu, alioupima kwa galvanomita. Akasita kuutangaza hadi 1929. Aligundua kuwa mtu aliyetulia na kufumba macho pasipo kulala hutoa mawimbi takribani 10 kwa sekunde. Akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kufanya, mawimbi hayo hufifia. Aliyaita alfa. Mwanawe Klaus alikuwa miongoni mwa waliopimwa. Wanasayansi wengi walimpuuza mpaka Adrian na Matthews wa Cambridge walipoyathibitisha mwaka 1934.

Baadhi ya tawasifu zake zilizoandikwa na wengine humchora kama mhanga wa Wanazi. Picha hiyo haisimami. Berger alihudumu katika mahakama ya rufani ya afya ya urithi huko Jena, iliyoamua ni nani wafungwe kizazi kwa lazima chini ya sheria ya 1933. Sheria hiyo iliwataja pia wenye kifafa, wagonjwa wale wale ambao kipimo chake kingekuja kuwafaa zaidi. Alistaafu 1938, akaandamwa na sonona, na tarehe 1 Juni 1941 akajinyonga mjini Jena.